Kaskazi Moja Kitaluni

Mche wa kupandwa masika hulelewa kwenye ukame. Asiyewahi kufanya kazi kitaluni ni vigumu kulijua hilo. Mvua kubwa za Tanga huanza Machi, na mkulima makini hupanda mti baada ya mvua za mwanzo kuloanisha ardhi barabara. Mche wa mtiki au mkangazi anaoupokea wakati huo, wenye shina lililokomaa na mizizi iliyojaza kiriba, ulisiwa miezi mingi nyuma, ukahamishiwa kiribani, kisha ukalelewa Januari na Februari, miezi ambayo kaskazi inavuma, vijito vinakonda, na joto la Tanga linafika nyuzi 32 au 33 huku hewa imejaa unyevu wa bahari. Kazi yote nzito ya kitalu hufanywa mvua ikiwa mbali. Mnunuzi anayekuja Aprili huona kijani kitupu, akaondoka akiamini kwamba kulea miche ni kazi ya kivulini.

Mimi niliijua kazi hiyo mwaka 1997. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Muheza nasubiri matokeo, na mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye kitalu kando ya kijito kinachomwaga maji yake mto Zigi, alikuwa anatafuta vijana wa kibarua. Vuli ya 1996 ilikuwa haba mno. Mahindi ya watu yalikauka yakiwa bado yanatoa mbelewele. Kwetu wakaona heri niende nikatafute ya sabuni kuliko kushinda barazani, nikaenda. Nilifuata hela. Niliyojifunza mle yamenifaa kuliko mengi niliyosomeshwa chuoni baadaye, na leo nikiwa mwalimu ninayesimamia miti ya shule, ndiyo bado yananiongoza.

Kitalu kilishuka kwa mteremko kutoka barabarani hadi kijitoni. Juu kabisa, mahali ambapo wapita njia wangeviona, palikuwa na vitu vya bustani: asumini, mlangilangi, mrehani, mawaridi, bogenvilia za rangi zote. Katikati vilijipanga viriba vyeusi vya michungwa, maana Muheza ni machungwa, pamoja na mitiki, mikangazi, mijohoro na mwarobaini. Chini, karibu na maji, yalikuwa matuta ya mbegu, kila moja likiwa na kichanja chake cha makuti. Maji tuliyachota kijitoni kwa madebe, tukayapandisha kwa mzegazega, debe mbele na debe nyuma, tukayamimina kwenye mapipa, na kutoka mapipani tukajaza keni za kumwagilia. Hapakuwa na pampu wala mpira.

Aliyekuwa na mamlaka juu ya maji hayo ni mama mmoja wa Kibondei, mtu mzima, mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Wote tulimwita Shangazi, hata mzee mwenye kitalu alimwita hivyo. Hakuna debe lililomwagwa kabla hajasema limwagwe wapi. Asubuhi ya kwanza nilifika nikamkuta keshapanga keni, nikamwamkia, nikashika moja.

“Marahaba, mwanangu. Iweke kwanza hiyo. Njoo tutembee.”

Tukatembea mstari kwa mstari. Alikuwa akiinama, anachomeka kidole cha shahada kwenye kiriba hadi kiungo cha pili, anakitoa, anakitazama. Kikitoka na udongo umekigandia, anapita. Kikitoka kikavu, anachomeka kijiti. Viriba vingine hakuvitia kidole. Alivinyanyua tu kwa mkono mmoja akavirudisha chini, uzito ukamwambia alichotaka kujua. Kwenye mitiki alitazama majani ya chini, kwenye michungwa alitazama ncha. Kwenye mwarobaini hakusimama kabisa. Tulipomaliza, kitalu kizima kilikuwa kimewekwa vijiti, na ndipo aliponipa keni.

“Penye kijiti, mwagia mpaka maji yachuruzike chini. Pasipo kijiti, usipaguse.”

Nikamuuliza kwa nini tusimwagie vyote kidogokidogo, kila kimoja kikapata chake. Akanieleza bila haraka, huku mikono ikiendelea na kazi. Maji ya kunyunyiza juujuu hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi huyafuata hapo hapo juu, ambako saa sita jua litaikuta na kuiunguza. Maji yakifika chini, mizizi nayo huenda chini. Mche unaomwagiwa kidogo kila siku huishi kwa kubahatisha. Mche unaomwagiwa ukashiba, kisha ukaachwa mpaka uombe, huota mizizi ya kwenda nao shambani.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi nzima, na nitakisema sasa: miche mingi inayokufa kiangazi huuawa na maji, kwa mkono wa mtu mwenye huruma. Nimeliona jambo hili tangu kaskazi ile hadi leo, kwenye vitalu vya watu, kwenye bustani za maofisi, kwenye vyungu vya sebuleni. Joto linapanda, majani yanalegea, mtu anahamaki, anamwaga. Saa saba mchana jua likiwa la utosi, majani ya mtiki au ya mpapai hulegea hata kiriba kikiwa kimeloa, kwa sababu maji yanatoka majanini upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Mche hufunga vitundu vyake vya kupumulia, hushusha majani yasipigwe na jua lote, hungoja. Shangazi alikuwa na neno moja kwa hali hiyo. Kijana akikimbilia keni mchana, alimwambia, “Mwache huyo, kalala. Njoo umwone alasiri.” Na alasiri kweli mche ulikuwa umesimama wima bila tone kuongezwa. Udongo uliokwisha loa ukiongezwa maji, hewa hutoka kwenye nafasi zake, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Kesho yake majani hulegea tena, safari hii kwa sababu mizizi imekufa, na mwenye huruma humwagia tena. Kwenye matuta ya mbegu ni hatari zaidi, kwa maana kuna kinyausi, ukungu unaopenda tuta lililosongamana na kuloa. Miche midogo hunywea shingoni, usawa wa udongo, ikaanguka kwa mafungu. Shangazi alikinga hilo kwa kusia mbegu zikiachana na kwa kuyaacha matuta yapate upepo.

Upepo na jua nilivielewa vizuri pale kitaluni, na nashangaa ni watu wachache kiasi gani huviwazia. Wakati wa kaskazi upepo hutoka upande wa kaskazini, lakini jua la mchana liko kusini kwetu, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Februari jua limehamia upande ule wa dunia. Kwa hiyo kivuli cha mche na kinga ya upepo haviwekwi upande mmoja. Mzee mwenye kitalu alikuwa na fito za akiba za kuongezea makuti upande wa kusini wa kila kichanja, yakashuka chini kiasi cha kukinga jua la saa nane, na upande wa kaskazini aliotesha matete kuvunja nguvu ya upepo. Ikifika Juni, jua likishavuka kwenda kaskazini na kusi ikaanza kuvuma, makuti yale yalihamishwa upande wa pili. Viriba vya mstari wa pembeni navyo vilikuwa na taabu yao. Plastiki nyeusi inayotazama magharibi hupata joto jioni mpaka huwezi kuishika kwa utulivu, na mizizi iliyogusana nayo hufa upande huo tu, mche ukapinda na kudumaa bila mtu kujua sababu. Tuliziba pembe zote kwa udongo na majani ya migomba. Kazi ya saa chache, ikaokoa mistari mizima.

Jua hilo hilo linalokausha mche linamkausha na mtu. Tulianza kazi saa kumi na moja alfajiri, tukapumzika kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa, tukarudi mpaka jua kuzama. Chini ya mwembe palikuwa na mtungi, na Shangazi alitaka kila apitaye anywe, mwenye kiu na asiye na kiu, kwa hoja kwamba anayengoja kiu amekwisha chelewa. Waliobeba madebe tangu alfajiri aliwatilia ndimu, sukari na chumvi kidogo. Alitufundisha pia kuangaliana sisi kwa sisi. Mwenzako akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu, apelekwe kivulini, alegezwe nguo, apewe maji. Akiwa ngozi imewaka moto na maneno yake hayaeleweki, huyo si wa kuambiwa apumzike kidogo: amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, avikwe vitambaa vibichi shingoni na kwapani, na mtu akimbilie hospitali. Mambo haya nayasema kwa wanafunzi wangu kila mwaka kabla hatujagusa jembe. Kuna wasimamizi wanaoona aibu kuwapumzisha watu saa sita, wakidhani ni uvivu. Wanakosea, na wanahatarisha uhai wa watu.

Ramadhani iliingia Januari mwaka ule, na ratiba ikapinduka. Sisi tuliofunga tulifanya kazi baada ya daku mpaka saa tatu asubuhi, tukalala mchana, kisha tukarudi baada ya tarawehe na taa za chemli. Wenzetu Wakristo wakachukua zamu za mchana bila kuombwa mara mbili. Sisi tukawashikia Jumapili asubuhi walipokwenda kanisani Magila. Kumwagilia usiku kuna raha yake. Udongo umepoa, maji hayapotei angani, na asumini imefunguka. Shangazi alituonya tu kwamba usiku maji yaende udongoni, yasibaki majanini, kwani jani linalolala likiwa limeloa hukaribisha ukungu. Basi tulikaa tumechuchumaa, mdomo wa keni karibu na shina, kiriba baada ya kiriba. Wakati huo kijito kilikuwa kimepungua kiasi cha kulazimu kufukua kishimo mchangani na kungoja maji yajikusanye kabla ya kuchota. Tulianza kuchagua. Maua ya barabarani, ambayo ndiyo yaliyoleta hela za haraka, mzee aliamuru yapate maji siku moja baada ya mbili. Michungwa iliyokuwa karibu kubebeshwa ilipata kila siku.

Sababu ya upendeleo huo ilikuwa fundi wa kubebesha. Alikuwa Msambaa, mtu wa maneno machache, aliyeshuka kutoka milimani kila msimu na kisu chake kimefungwa kitambaani. Machungwa matamu ya Muheza hayapandwi kwa mbegu. Mbegu ya mlimau husiwa kwanza, ikiwa mbichi, kwa maana mbegu za jamii ya machungwa zikikauka hupoteza uhai. Mlimau una mizizi yenye nguvu. Ukifikia unene wa penseli, ndipo huletewa jicho la mchungwa mtamu, na mti utakaokua una mizizi ya mlimau na matunda ya mchungwa. Jicho lilikatwa kwenye tawi la mchungwa ambao mzee aliujua tangu ujana wake, na hakukubali litoke kwingine.

Lakini haya yote hayawezekani ganda la mlimau lisipobanduka. Mche wenye kiu ganda lake hushikana na mti, ukilipasua linachanika. Ndiyo maana siku kadhaa kabla ya fundi kufika tuliishibisha milimau maji, kaskazi ivume iwezavyo. Akija, jambo la kwanza alilofanya ni kupasua mche mmoja wa pembeni na kuinua ganda kwa ncha ya kisu. Likiinuka laini, na chini yake pakang'aa unyevu, alikaa kwenye kigoda chake. Lisipoinuka, alifunga kisu.

Nilipewa kazi ya kumkatia utepe wa plastiki, kwa hiyo nilimtazama kwa karibu. Alichagua mahali paliponyooka, kipande cha mkono juu ya udongo. Mkato mmoja wa kukingama, mfupi. Mkato mwingine wa kushuka kutoka hapo. Akageuza kisu, akafungua mbawa mbili za ganda kwa upande usio na makali, asiuguse mti wa ndani. Kisha akachukua tawi la mchungwa, akakata jicho kwa mkupuo mmoja, likatoka na kingao chembamba cha ganda, na kikonyo cha jani ambacho alikishika bila kugusa penye jeraha. Akalitelezesha ndani, likakaa. Alifunga utepe kuanzia chini kwenda juu, mzunguko ukipanda juu ya mzunguko, maji ya mvua au ya keni yasiingie. Tangu mkato wa kwanza hadi fundo la mwisho, muda wa mtu kunywa kahawa kikombe kidogo. Alifanya asubuhi na alasiri tu. Mchana hakugusa, kwa kuwa jicho likipigwa na upepo wa moto dakika chache tu hukauka.

Baada ya wiki tatu hivi utepe ulifunguliwa. Jicho la kijani limeshika, la kahawia limekufa. Mwaka ule wa kiu yaliyoshika yalikuwa mengi, na sijasahau furaha ya mzee, alivyokuwa akiita watu wa barabarani waje kuona. Hata hivyo fundi aliniachia wosia kuhusu yaliyokuwa mbele. Mlimau haukubali kushindwa. Utachipua chini ya jicho, na machipukizi yake yana miiba na yana nguvu kuliko mchungwa. Yasipopogolewa yakiwa laini, yatanyonya maji yote, mchungwa utadumaa, na mwenye shamba atajikuta baada ya miaka anavuna malimau. Nimeona mashamba ya namna hiyo Muheza. Watu husema waliuziwa mche mbaya. Mche ulikuwa mzima; ni kwamba baada ya kupandwa hakuna aliyerudi kuutazama.

Wakati wa kaskazi ile mzee alitutuma Amani, mimi na mwenzangu mmoja, tukachukue vipando vya iliki na pilipili manga kwa mkulima aliyefahamiana naye. Barabara inapanda milima ya Usambara Mashariki, na kila kona joto linabaki nyuma. Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakaotesha miti kutoka pembe zote za dunia, na mingi ingali imesimama. Mwenyeji wetu alituonyesha mambo mawili ambayo nayarudia darasani. La kwanza ni ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao Ujerumani, na leo liko madirishani Ulaya na Marekani kwa jina linalotokana na jina lake, Saintpaulia. Kwenye chungu linataka uangalifu. Maji baridi yakidondokea jani lake huacha mabaka yasiyotoka, na jua la moja kwa moja huliunguza. La pili ni mesopsisi, mti uliopandwa pale kwa nia njema ya mbao na kivuli. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakasambaza mbegu, nao ukajipenyeza msituni kila palipokatwa mti, ukichukua nafasi ya miti ya asili ambayo haipatikani pengine popote. Hakuna aliyeutaka ufike huko. Tangu siku hiyo siulizi tu mche gani unaota upesi. Nauliza pia nani atakula matunda yake na atayapeleka wapi.

Mzee alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ujanani, na tukiwa chini ya mwembe saa za joto alipenda kutukumbusha kwamba mkonge wote ule uliotuzunguka, Muheza, Korogwe na Pangani, ulitokana na konzi moja ya miche. Daktari Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, navyo vikazungukia Ujerumani kabla ya kuletwa huku. Vilivyonusurika na kupandwa mwaka 1893 vilikuwa 62. Mashamba makubwa, maisha ya maelfu ya manamba na taabu zao, vyote vilifuata nyuma ya miche 62. Mzee hakuisimulia habari hiyo kumsifu Hindorf. Alitaka tujue kwamba hesabu ya mwanzo ilikuwa 1,000 na haikumfaa mtu kitu.

Hayo yalinirudia mwisho wa Februari. Taasisi moja iliagiza miche ya miti kwa ajili ya sherehe. Wakati huo tulikuwa tumeanza kuizoesha jua. Kazi hii ya kuzoesha huwapa watu taabu kuikubali, kwa maana inaonekana ukatili: makuti yanapunguzwa kidogokidogo, kwanza jua la asubuhi tu, kisha la alasiri, hatimaye la kutwa, maji nayo yanapunguzwa, viriba vinanyanyuliwa na mizizi iliyotoboa na kuingia ardhini inakatwa. Majani laini hupauka, ukuaji husimama, shina hugeuka kutoka kijani kwenda kahawia. Huchukua wiki kadhaa. Mche uliotoka kivulini jana ukapelekwa shambani leo hauna ngozi ya kukabili jua. Mzee akawaomba wateja wale wangoje mvua. Hawakuweza, tarehe ilikuwa imepangwa.

Miche ikapakiwa kwenye lori lisilo na turubai, ikaenda ikipigwa na upepo njia nzima, ikashushwa kando ya ukuta wa saruji unaotazama magharibi. Mgeni rasmi akaahirisha. Siku zikapita, na hapakuwa na mtu aliyeambiwa kwamba maji ni kazi yake. Shangazi alipopata habari alikwenda kwa miguu, nami nikamfuata. Tulikuta majani yanavunjika ukiyashika. Akapiga goti kwenye mche wa kwanza, akakwaruza shina kwa ukucha. Kahawia. Akashuka chini karibu na udongo, akakwaruza tena. Kijani. “Huyu yupo,” akasema, akauweka kando. Tulishinda hapo tukikwaruza. Iliyokuwa na kijani tuliiomba, wakatupa, tukairudisha kitaluni kwa mkokoteni na kuiweka chini ya kichanja. Tuliikata vichwa, na sehemu yake ilichipua upya masika. Mingine, mingi kuliko hiyo, ilipandwa siku ya sherehe ikiwa imekwisha kufa, na idadi yote ikasomwa kwenye risala.

Sina kinyongo na watu wale, hawakukusudia. Lakini jambo hilo limeniuma miaka yote, kwa sababu halikwisha pale. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni 1 Aprili, na ni tarehe nzuri kwa mikoa yetu ya masika: ardhi imeloa na mche una wiki nyingi za mvua mbele yake. Shida ni kwamba tunahesabu siku hiyo hiyo, tunafunga daftari. Mti uliopandwa Aprili haujaonja kitu. Mtihani wake ni Januari na Februari zinazofuata, matandazo yameliwa na mchwa, mbuzi wamekosa majani kwingine, na aliyeupanda kahama darasa. Wangari Maathai alilijua hili. Vuguvugu la Mkanda wa Kijani aliloanzisha Kenya mwaka 1977 liliwalipa wanawake wa vijijini kijihela kidogo kwa kila mche wao uliopandwa na kuonekana umeshika. Malipo yalifuata uhai. Watu humkumbuka kwa mamilioni ya miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, nami namheshimu kwa hayo, ila utaratibu ule wa malipo ndio ninaoupenda zaidi, kwa kuwa aliyeufikiria alikuwa anajua kiangazi.

Shuleni kwetu daftari la miti lina safu mbili: iliyopandwa Aprili, na iliyo hai Februari. Safu ya pili inajazwa na wanafunzi wenyewe, wakipita mti kwa mti na kukwaruza kwa ukucha. Likizo ya Desemba ndiyo iliyokuwa ikituangusha, shule imefungwa na kaskazi imeanza. Tulikaa na wazazi na majirani, tukagawana. Miti ya upande wa msikiti wanaiangalia vijana wa madrasa, ya upande wa barabara wanaiangalia mama wauza vitumbua, maana wapo hapo tangu alfajiri, na ya kiwanjani wanaiangalia wanafunzi wanaokaa karibu, wawili kwa mti. Kila mmoja ameonyeshwa kidole kiingie mpaka wapi kabla hajachota maji. Mama mmoja wa vitumbua aliniuliza mwaka jana kama maji ya kuoshea mchele yanafaa. Yanafaa sana, nikamwambia, yakiwa yamepoa na hayana chumvi. Tangu hapo jirani zake nao wanayaweka.